Kiungo Kilicho Chini ya Stika

Mteja akikabidhiwa rodi yake mpya, jambo la kwanza afanyalo si kuikunja apime nguvu zake. Hupitisha kidole gumba juu ya jina. Anautafuta ukingo wa stika, na asipoupata hutabasamu. Nimewaona manahodha wa Watamu na Malindi, watu wazima waliokwisha kupambana na nduwaro wazito kuliko wao wenyewe, wakifanya hivyo huku wamefumba macho. Kidole kisipokwama popote, kazi imepita. Sifa kuu ya fundi wa rodi ndiyo hiyo: pale alipobandika kitu, pasijulikane kuwa pamebandikwa.

Swali linalonikaa kichwani ni kama sifa hiyo ni halali. Sisemi halali kwa mzaha. Ninaishi kwa kufanya vitu visionekane, na dini yangu ina maneno makali juu ya muuzaji anayefanya kitu kisionekane.

Nieleze kazi yenyewe kwanza, maana wengi hudhani stika ya rodi ni ile ya kubandua na kubandika kama za matatu. Hiyo haifai. Gundi yake hulegea kwa jua na chumvi, na unene wake huacha ngazi ambayo epoksi haiwezi kuimeza. Tunayotumia ni stika ya maji, utando mwembamba mno uliochapwa juu ya karatasi yenye gundi inayoyeyuka majini. Ukiichapa kwa printa ya wino, lazima uipulizie vanishi mara mbili tatu, nyepesi nyepesi, la sivyo wino wote hutiririka pindi stika inapoloweshwa. Printa za kawaida hazina wino mweupe. Kwa hiyo jina la manjano ambalo lilipendeza kwenye karatasi hupotea kabisa likilazwa juu ya kaboni nyeusi, na mteja hudhani umemdanganya. Hapo inabidi utangulize rangi nyeupe au ya fedha chini yake.

Mti wa rodi nao, nina maana ule mtupu usiofungwa pete wala mpini, hauko laini kama unavyoonekana kwa mbali. Kaboni huviringishwa juu ya chuma, hubanwa kwa utepe, huokwa. Utepe ukitolewa, unabaki na mistari inayozunguka mti tangu shinani hadi nchani. Viwanda vingine huisugua ikaisha, vingine huiacha. Ukilaza stika moja kwa moja juu ya mistari hiyo, hewa hukaa kwenye mabonde yake, na jina hutokwa na mabaka ya rangi ya fedha ambayo hakuna dua itakayoyatoa. Ndiyo sababu unaanza kwa epoksi. Unapangusa mti kwa spiriti, na ukishaupangusa huugusi tena kwa mkono mtupu, kwa maana mafuta ya vidole huifanya epoksi ikimbie na kuacha vishimo. Mvulana aliyekuwa akinisaidia alipenda kujipaka mafuta ya nazi asubuhi. Nilimhamishia kwenye kazi ya mipini. Unachanganya epoksi na kigumishi chake sawa kwa sawa, kwa bomba la sindano, si kwa kukisia. Unapaka safu nyembamba, kisha rodi inazungushwa polepole na mota mpaka epoksi ishike, isije ikateremkia upande mmoja. Umeme ukikatika, na Watamu hukatika, unakaa hapo na kuizungusha kwa mkono.

Kesho yake ndipo stika. Pembe zake umezikata mviringo, maana pembe kali ndiyo ya kwanza kuinuka. Unailowesha katika maji ya uvuguvugu mpaka ianze kuteleza juu ya karatasi yake. Unaulowesha na mti pia, unaisukuma stika taratibu ikae mahali pake, na ikiwa pana maji ya kutosha chini yake bado una nafasi ya kuinyoosha. Kisha kijiti cha pamba, kutoka katikati kwenda nje, ukiyafukuza maji na hewa. Husugui. Unaiacha ilale usiku kucha, hata kama mwenyewe anapiga simu. Maji yakibaki chini ya utando na ukayafungia kwa epoksi, utayaona kila siku ya maisha ya rodi hiyo. Mwisho ni epoksi tena, safu moja au mbili, na mwali mdogo wa taa ya spiriti unaopitishwa haraka juu yake ili mapovu yapasuke. Ukingo wa stika sasa umezama. Kidole kinapita.

Ukizitazama hatua hizo utaona kwamba karibu zote ni za kuficha. Nimeficha mistari ya kiwanda, nimeficha ukingo, nimeficha kwamba jina lilitoka kwenye printa likaja juu ya mti. Mtu asiyejua husema jina limeandikwa ndani ya kaboni yenyewe. Na bado siwezi kuona dhambi hapo, kwa sababu mwenye rodi ndiye aliyeniagiza stika hiyo. Anajua ipo, na ameilipia. Kumfichia mtu jambo analolijua hakumnyang'anyi kitu. Isitoshe, ukingo uliozama ndio unaozuia maji ya chumvi kupenya na kuinua jina kabla ya msimu kwisha. Na wale wanaoniomba niweke alama ya kampuni ya nje juu ya mti usio na jina, ili wauuze kwa bei ya kampuni hiyo, hao hawahitaji falsafa. Nawapa chai, wananywa, wanaondoka.

Kilichonifanya nifikiri kweli ni rodi iliyovunjika.

Ilikuwa ya kaboni, ya daraja la pauni 50, imekatika juu kidogo ya mpini baada ya kugongwa na ukingo wa boti. Kaboni ni hivyo: ina nguvu ajabu ikikunjwa, lakini pigo la ubavuni huijeruhi, na jeraha laweza kukaa kimya kwa muda mrefu mpaka siku ya samaki. Kuiunga kunawezekana. Unachonga kipande kinachoingia barabara ndani ya uwazi wa mti, unakitia epoksi, unaunganisha pande mbili, kisha unazungushia uzi juu na kuupaka. Ikifanywa vizuri, rodi hufanya kazi miaka. Lakini haiwi ile ya kwanza. Penye kiungo mti ni mgumu zaidi, haukunjiki kama pengine. Mzigo ukija, mkunjo hushuka ukafika kwenye ugumu ule ukagota, na mkazo wote hukusanyika pale kiungo kinapoishia. Ndiyo maana rodi iliyoungwa, ikivunjika tena, mara nyingi huvunjika kando ya kiungo na si juu yake.

Nahodha alipokuja kuiangalia aliridhika. Akaniambia, "Fundi, hapo juu ya uzi nitilie stika ya nguvu, jina la boti na ile namba 50. Kuna mgeni anaitaka hii rodi."

Mahali pa kawaida pa stika ni papo hapo, juu ya mpini. Hakuwa ameomba kitu cha ajabu. Lakini fikiria stika hiyo ingesema nini. Jina la boti halina neno. Namba 50 ni ushahidi. Inamwambia mvuvi kwamba rodi hii inakaa na uzi wa pauni 50, kilo 24 kwa hesabu ya IGFA, shirika la Marekani lililoanzishwa 1939 ambalo rekodi za uvuvi huu hufuata daraja zake. Mvuvi anayejua kazi hukaza breki ya rili kwenye karibu theluthi ya nguvu ya uzi, yaani kilo 8 hivi, na huiamini namba bila kuuliza. Sasa mimi naiandika namba ileile juu ya kiungo, kwa epoksi ileile inayong'aa, na kidole chake kinapita bila kukwama.

Nilimpelekea suala hili Ustadh wetu, mtu aliyesoma Lamu na ambaye hakuwahi kushika rodi maishani. Nilitegemea aniambie habari ya rundo la nafaka, na kweli alianza nayo. Imo katika Sahih Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra: Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la chakula, vidole vikakuta umajimaji. Mwenyewe akajitetea kuwa ni mvua. Akaulizwa mbona asikiweke kilicholowa juu, watu wakione. Habari hiyo kila mtoto wa madrasa anaijua, nami nikamwambia Ustadh kwamba hainitoshi. Yule alikuwa mwenye mali na muuzaji. Mimi si muuzaji. Rodi si yangu. Nimeunga, nimepaka, nimelipwa. Atakachomwambia mgeni ni baina yake na mgeni.

Ustadh akainuka akachukua Ihya ya Imam Ghazali, akafungua mlango wa adabu za kuchuma riziki, akanisomea kitu ambacho sikukitarajia. Imam Ahmad bin Hanbal, aliyefariki Baghdad mwaka 855, aliulizwa juu ya kazi ya kutia raki nguo iliyochanika, raki ya ustadi kiasi kwamba hakuna anayeona palipochanika. Jibu lake, kwa maana yake, lilikuwa na pande mbili. Mwenye kuiuza nguo hiyo hana ruhusa kuificha. Na fundi mwenyewe kazi ile ni halali kwake ikiwa anajua kwamba mwenye nguo atabainisha, au kwamba nguo si ya kuuzwa.

Nilimwomba arudie. Sisi watu wa pwani ni Mashafii, na Ghazali mwenyewe alikuwa Mshafii, lakini kwa jambo hili alikwenda kuchukua neno la Ahmad, aliyekuwa mwanafunzi wa Shafii. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, mtu alikaa na sindano na uzi akifanya kazi yangu hasa. Na Imam hakuilaumu raki kwa kuwa nzuri. Hakusema fundi aache kovu ili watu waone. Aliuacha uzuri wa kazi jinsi ulivyo, akamwekea fundi swali: unajua nini kuhusu nguo hii itakakokwenda?

Mimi nilikuwa najua. Nahodha aliniambia kwa mdomo wake.

Katika ukurasa uo huo kuna habari ya mshona viatu aliyeuliza atasalimika vipi katika kuuza viatu vyake, akaelekezwa afanye pande zote mbili ziwe sawa, ujazo wa ndani uwe mzuri, na mishono ikaribiane. Hiyo nayo nimeichukua. Uzi wa rodi una juu na una chini, na chini hakuna anayepatazama, kwa hiyo ndiko mafundi wengi hufichia miisho yao. Lakini hilo ni somo jingine, na mafundi wenzangu wataniudhi nikiliendeleza.

Nilimwambia nahodha kwamba stika nitaiweka, laini kama anavyotaka, ila nitaongeza mstari chini ya namba: imeungwa, na mwezi na mwaka. Alikasirika. Si yeye aliyenipa hoja nzito, bali shemeji yangu, nahodha pia, mwenye ulimi wa wembe. Alinikuta kibandani akasema, "Shemeji, wewe kila ukijikwaa unasema yaa Sattar. Unamwomba Mola akusitiri aibu zako. Kisha rodi ya maskini wa watu unaiandika aibu yake kifuani? Sitara iko wapi?"

Wanaocheka hoja hiyo hawajaielewa. Kwetu sitara ni nusu ya ustaarabu. Tunafundishwa kwamba anayemsitiri mwenzake naye husitiriwa, duniani na akhera. Jirani akigombana na mkewe usiku, asubuhi unamsalimia kana kwamba ukuta hauna masikio. Mtu anayeanika makosa ya watu tunamwona mchafu kuliko mwenye makosa. Inakuwaje basi tendo lile lile la kufunika liwe rehema likifanyiwa mtu, na udanganyifu likifanyiwa bidhaa?

Jibu langu la kwanza lilikuwa kwamba mtu anaweza kutubu. Ukimfunika unampa nafasi ya kubadilika bila ya kulazimika kuishi chini ya jina la kosa lake. Ufa hautubu. Ufa uliofunikwa hungoja tu. Shemeji alinisikiliza akasema ni maneno mazuri ya barazani, lakini wapo watu pia wasiotubu, na bado tunawasitiri. Alikuwa na haki, kwa hiyo nikarudi kwa Ustadh.

Ustadh alinipa habari ya Fatima binti Qays, ambayo nayo imo kwa Muslim. Mwanamke huyo aliposwa na wawili, Muawiya na Abu Jahm, akaja kwa Mtume kutaka ushauri. Hakuambiwa wote ni watu wema, mche Mungu na uchague. Aliambiwa waziwazi kwamba mmoja hana mali, na mwingine haweki fimbo yake chini kutoka begani, na wanavyuoni wamehitilafiana kama maana yake ni kwamba alipiga wanawake au kwamba alikuwa mtu wa safari zisizokwisha. Akashauriwa aolewe na Usama. Masahaba hao hawakuwa madhalimu wakubwa. Siku nyingine yoyote kasoro zao zingefunikwa. Zilisemwa kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja, mahali pamoja, aliyekuwa karibu kuyaegemeza maisha yake juu yao.

Tofauti basi haiko baina ya watu na vitu kama nilivyodhani. Iko baina ya kasoro ambayo hakuna anayeiegemea na kasoro ambayo mtu yuko njiani kuja kuiegemea kwa uzito wake wote. Mistari ya kiwanda iliyo chini ya epoksi yangu haiegemewi na mtu. Ukingo wa stika hauegemewi. Mwanzo wa uzi wenye fundo baya ambalo nililifunika kwa safu ya pili hauegemewi, ingawa shemeji angefurahi kujua lipo. Kiungo kinaegemewa. Yule mgeni atafunga mkanda kiunoni, atatia shina la rodi mbele yake, na samaki atakapozama ataurudisha mwili wake wote nyuma. Kaboni ikikatika hapo, kipande kilichobaki mkononi kina meno.

Kwa sababu hiyo, mimi hufika mbele kidogo ya alipoishia Imam Ahmad. Alisema raki ni halali kwa fundi kama nguo si ya kuuzwa. Rodi za boti zetu nyingi haziuzwi; zinakaa botini na kila asubuhi anapewa mgeni mwingine. Kwa hesabu ya raki, hapo sina deni la kubainisha. Lakini nguo ikichanika upya, mtu huaibika. Rodi ikikatika, mtu huumia. Kwa hiyo hata rodi isiyouzwa, ikiwa itashikwa na mkono usiojua habari yake, naiandika. Ustadh hakubaliani nami. Anasema mwanzo wa kupotea ni fundi kujifanya mufti, na kwamba nikitaka kuongeza, niongeze kama uchamungu wangu binafsi, nisimwambie mtu ni hukumu. Nimekubali masharti yake. Sisemi ni hukumu. Nasema ni kawaida ya kibanda changu, na asiyeitaka vibanda viko vingi kati ya hapa na Mombasa.

Shemeji hajakubali mpaka leo. Anasema nimegeuza rodi kuwa cheti cha hospitali, na kwamba penye urembo ndipo penye urimbo, kila mnunuzi anajua hivyo, basi na ajihadhari mwenyewe. Hapo ndipo ninapomwona amejifunga. Ikiwa ulaini wa kazi yangu umekuwa dalili ya kwamba kuna kitu chini yake, basi kila rodi nzima niliyoitengeneza kwa uangalifu inatiliwa shaka kwa sababu ya zile zilizounganishwa. Mstari wangu unazisafisha hizo nyingine. Stika isiyo na mstari inasema hapa chini ni mti mtupu, na kidole kinaweza kupita kwa amani.

Kilichobaki kilikuwa ukubwa wa herufi. Nilikuwa nimechora mstari mdogo, mwembamba, wa rangi ya kijivu juu ya nyeusi, upendeze. Ustadh aliuchukua mchoro, akavua miwani yake, akausogeza mbali, akausogeza karibu. Akaniuliza kama wageni wanaovua ni vijana. Nikamwambia wengi wana mvi. Akanirudishia karatasi bila kusema zaidi.

Neno sasa lina ukubwa ule ule wa jina, kwa rangi ile ile. Nahodha alipoona mchoro mpya alilalamika kwamba neno lenyewe ni refu kuliko jina la boti, lenye herufi nne tu, na kwamba watu watadhani boti yake inaitwa Imeungwa. Nikamwambia nafasi ipo, aongeze jina lake na la baba yake.